Mabinti waliozaliwa 2004 na Kombe la Dunia la U17 ambalo halikuchezwa

#1 MwalimuWaJioni

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Njombe. Asubuhi nafundisha Jiografia, jioni nasimamia timu ya mpira ya wasichana. Kuna jambo nimelibeba moyoni tangu mwisho wa 2020 na sijaliona likijadiliwa humu. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Nilikuwa na binti mmoja, kiungo. Jina lake silianiki hapa. Kila mpira ulipokuwa njiani kumfikia, alikuwa ameshageuza shingo mara mbili, kushoto na kulia, anajua nani yuko wapi. Hilo sikumfundisha mimi, alikuja nalo kutoka chandimu za kijijini kwao alikokuwa akicheza na kaka zake. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa mtu mmoja alinifuata, akaandika jina la binti na mwaka wa kuzaliwa, kisha akaniuliza tena, "2004, una hakika?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa na kuniambia, "Huyu ana mashindano mamoja tu."

Wakati ule sikumwelewa. Usiku nikachukua kalamu na karatasi.

Kombe la Dunia la FIFA la wasichana chini ya miaka 17 lilianza 2008 kule New Zealand, na tangu hapo likawa linachezwa kila baada ya miaka miwili, tena miaka shufwa mitupu: 2010 Trinidad na Tobago, 2012 Azerbaijan, 2014 Costa Rica, 2016 Jordan, 2018 Uruguay. Anayecheza lazima mwaka ule awe anatimiza 15, 16 au 17. Sasa hesabuni pamoja nami. Aliyezaliwa 2003 anapata mashindano mawili, 2018 akiwa na 15 na 2020 akiwa na 17. Aliyezaliwa 2005 vilevile mawili, 2020 na 2022. Aliyezaliwa 2004 je? Mwaka 2018 ana 14, bado mdogo. Mwaka 2022 ana 18, ameshavuka. Anabaki na 2020 peke yake, akiwa na 16, akigombea namba na dada zake wa 17.

Na hilo la 2020 lilikuwa lichezwe India. Ikaja korona. Hapa kwetu shule zilifungwa Machi. Mashindano yakasogezwa hadi Februari 2021, halafu Novemba 2020 FIFA ikayafuta kabisa, India wakapewa yale ya 2022.

Kwa hiyo mabinti wote wa dunia hii waliozaliwa 2004, wa Njombe, wa Madrid, wa Pyongyang, hawakuwahi kupata Kombe la Dunia la U17. Wenzao wa 2003 walishapata la Uruguay, wa 2005 wakapata la India. Wao hawakupata kitu.

Binti yangu nilimweleza mwenyewe, tumekaa kwenye ngazi za bwalo. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo kama mama angenizaa Januari?" Alizaliwa Mei. Nikamwambia hapana, Januari ile bado ni 2004. Ingebidi azaliwe Desemba ya mwaka uliotangulia.

Tangu siku ile kila binti anayejiunga na timu yangu namuuliza mwaka wa kuzaliwa kabla sijamuuliza anacheza namba ngapi.

#2 KiungoMkabaji

Mwalimu, nimesoma yote na nimeguswa. Ila tuwe wakweli. Sisi Tanzania kwenye mchujo ule wa 2020 tulishatolewa na Uganda kabla korona haijafunga chochote. Hata mashindano yangechezwa, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana U17, wasingekuwepo, na binti yako angeyaangalia kwenye runinga kama sisi wengine.

Walioumia kikweli ni Waganda. Walikuwa wamebakiza raundi ya mwisho tu kufika India, na raundi hiyo haikuchezwa mpaka leo.

#3 MwalimuWaJioni

Mkuu, uko sahihi, na nakiri nilipokuwa naandika nilikuwa nawaza mtoto wangu tu. Hao wa Uganda wana haki ya kulia kuliko mimi. Kubakiza hatua moja, kisha unaambiwa rudi nyumbani, na mwakani umri hauruhusu!

Lakini ile hesabu ya miaka iko palepale. Aliyezaliwa 2006 alikuwa na la 2022 tu. Aliyezaliwa 2002 alikuwa na la 2018 tu. Kwa ratiba ile ya kila baada ya miaka miwili, aliyezaliwa mwaka witiri alikuwa na milango miwili, wa mwaka shufwa mlango mmoja, na mlango wenyewe aliupita akiwa bado hajakomaa. Hapa nazungumza juu ya watoto ambao hawakuchagua.

#4 Mtoto_wa_Amaan

Assalaam alaykum wana uzi. Naomba nami niongeze langu, maana hawa waliofuata wa 2005 na kuendelea mimi niliwaona kwa macho yangu.

Juni 2022 nilikuwa Amaan, Zanzibar, ule uwanja wa zamani kabla haujajengwa upya. Serengeti Girls walikuwa wanarudiana na Cameroon. Kule Yaoundé walishashinda 4-1, na watu mjini hawakuamini, wengine walidhani namba zimegeuzwa. Nilikwenda na wanangu wawili wa kike. Tukashinda 1-0, jumla 5-1, na kwa mara ya kwanza timu ya wanawake ya Tanzania ikawa imefuzu Kombe la Dunia. Kabla ya Cameroon walikuwa wameshawatoa Botswana na Burundi. Mwanangu mdogo alinishika mkono kipenga cha mwisho kilipolia, akaniuliza kama wale dada wanasoma skuli au wameajiriwa. Nilimwambia wanasoma. Hakulala mapema siku ile.

Oktoba tukawafuatilia India. Kundi letu Japani, Ufaransa na Canada. Ukiwaambia watu majina hayo walikuwa wanacheka. Mechi ya kwanza Japani wakatufunga 4-0, na mtaani kwetu wengi wakazima redio. Mimi sikuzima. Siku tatu baadaye, Jumamosi ya tarehe 15, kule Goa, Diana Mnally akawafunga Wafaransa mapema kabisa. Kipindi cha pili Christer Bahera akaongeza kwa penalti. Ikaisha 2-1. Jamani, Ufaransa! Walioshinda kombe hilihili 2012!

Mechi ya mwisho na Canada Veronica Mapunda akasawazisha, ikawa 1-1. Roho zilikuwa juu, kwa sababu sare peke yake haikututosha: Wafaransa nao walikuwa wanacheza na Japani saa ileile, wakishinda wangetufikia pointi na sisi tofauti yetu ya mabao ilikuwa mbaya kwa zile nne za mwanzo. Japani wakawafunga Wafaransa. Tukaingia robo fainali na pointi 4, nyuma ya Japani.

Nawaandikia haya kwa sababu naona watu wameshaanza kusahau. Miaka haijapita mingi.

#5 KiungoMkabaji

Sheikh, hujasahau hata moja, mashallah. Ila mimi nauliza swali la mpira. Robo fainali Colombia walitupiga 3-0. Jumla kwenye mashindano tulifunga 3, tukafungwa 9. Hapo tujivunie kwa kipimo kipi? Nataka tujue tulipungukiwa nini, kwa sababu kocha Bakari Shime alikuwa nao muda mrefu, 2020 walishachukua ubingwa wa U17 wa COSAFA, nchi za kusini mwa Afrika, kule Afrika Kusini kwa penalti mbele ya Zambia. Haikuwa timu ya kuokoteza.

#6 MwalimuWaJioni

Swali zuri, na nimelifikiria sana kwa sababu mechi ile niliiangalia na wanafunzi wangu ukumbini.

Angalia nani alikuwa upande wa pili. Linda Caicedo, kazaliwa Februari 2005. Mwaka uleule wa 2022 alikuwa ameshacheza Copa América ya wanawake wakubwa, akaenda Kombe la Dunia la U20, ndipo akaja India kucheza na wenzake wa U17. Wakafika fainali, wakafungwa na Hispania 1-0 kwa bao la kujifunga. Mwaka uliofuata alikuwa Kombe la Dunia la wakubwa. Mtoto wa miaka 17 mwenye mechi nyingi za kimataifa kuliko wachezaji wetu wengi wa timu ya taifa ya wakubwa.

Sasa njia. Sisi tulifika India kwa mechi sita za mtoano, nyumbani na ugenini. Colombia walicheza mashindano ya bara lao, nchi kumi, makundi mawili ya timu tano tano, halafu kundi la mwisho la timu nne. Mechi saba. Utasema sita na saba zina tofauti gani? Tofauti iko kwa aliyeshindwa. Kule timu ya mkiani kabisa inarudi nyumbani imecheza mechi nne, kila moja na taifa tofauti. Kwetu ukitolewa raundi ya kwanza umecheza dakika 180 na mpinzani mmoja, basi, kambi inavunjwa. Wavulana wetu wa U17 wana AFCON yao, hata Dar es Salaam tuliipokea 2019. Wasichana wa umri huohuo hawana AFCON. Wana mchujo tu.

Ndiyo maana Japani wakitufunga 4-0 siku ya kwanza mimi nilishangaa kidogo sana. Kilichonishangaza ni kwamba baada ya siku tatu watoto walewale walisimama mbele ya Ufaransa bila woga. Kipimo changu ni hicho, mkuu. Walijifunza kwa siku tatu kitu ambacho wenzao hufundishwa kwa miaka.

#7 Nyota_ya_Kakamega

Hamjambo majirani. Nasoma uzi huu nikiwa Kakamega, Kenya, na nimeona lazima niandike.

Sisi Februari 2022 FIFA ilitufungia, tukafunguliwa Novemba. Wakati ninyi mnafunga Ufaransa kule Goa, sisi hatukuruhusiwa hata kucheza mechi ya kirafiki. Nilikuwa nawaangalia Serengeti Girls nikiwa na furaha na uchungu pamoja. Furaha kwa sababu ni dada zetu. Uchungu kwa sababu nilijua wasichana wetu wa shule za hapa magharibi wanaweza kucheza na yeyote. Ukikaa kandokando ya uwanja siku Butere Girls wanacheza na Wiyeta utaelewa ninachosema. Watu hupanda miti.

Kisha 2024 ikafika. Junior Starlets, wasichana wetu wa U17, chini ya kocha Mildred Cheche wakawatoa Ethiopia, wakaja Burundi, 3-0 mechi ya kwanza na 2-0 ya marudiano pale Ulinzi, Nairobi. Timu ya kwanza ya Kenya, ya kike au ya kiume, umri wowote ule, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Wavulana wamecheza miaka na mikaka. Waliofungua mlango ni wasichana wa shule.

Mashindano yalikuwa Dominican Republic, nchi iliyo nyuma yetu saa saba, kwa hivyo mechi tulizitazama usiku. Uingereza wakatufunga 2-0, Korea Kaskazini 3-0. Hao Korea Kaskazini ndio walioenda kuchukua kombe, na 2025 wakalichukua tena, sasa wana manne. Mechi ya mwisho tulikuwa hatuna tena njia ya kuendelea, na ndiyo niliyoogopa zaidi, maana mtoto aliyechoka na aliyekata tamaa hufungwa nyingi. Tukawashinda Mexico 2-1. Mexico waliokuwa fainali 2018! Babangu, mzee wa miaka 74 ambaye hajawahi kuangalia mpira wa wanawake, alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki sebuleni amejifunga blanketi, na filimbi ya mwisho ilipolia akasema "sasa walale, wamefanya kazi."

Juu ya hesabu yako mwalimu: ni kweli kabisa. Ninamjua msichana wa 2006. Wakati wa India tulikuwa tumefungiwa, na wakati wa Dominican alikuwa amepita umri. Huyo naye ni wa 2004 wa Kenya.

#8 MwalimuWaJioni

Kaka au dada wa Kakamega, sentensi yako ya mwisho imenigonga. Sikuwa nimefikiri kwamba kila nchi inaweza kuwa na 2004 yake.

#9 MamaPendo

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtu wa mpira, nimeletwa hapa na kiungo alichonitumia mdogo wangu. Binti yangu yuko kidato cha pili, anacheza sana, na baba yake hataki kabisa. Mimi sijui nimsaidie vipi. Amezaliwa Novemba 2011. Kwa hiyo ni witiri, ana nafasi mbili? Na mitihani ya kidato cha nne si iko Novemba? Nasikia haya mashindano nayo ni Oktoba na Novemba. Naomba mnijibu taratibu, sijui haya mambo.

#10 MwalimuWaJioni

Marahaba mama. Karibu sana, na usiogope kuuliza.

Habari njema kwanza. Kuanzia 2025 mashindano yanachezwa kila mwaka, na timu zimeongezwa kutoka 16 hadi 24. Morocco wamepewa kuyaandaa miaka mitano mfululizo, 2025 hadi 2029. Afrika ilikuwa inapeleka timu 3, sasa 5. Kwa binti yako maana yake ni hii: 2026 anatimiza 15, 2027 anatimiza 16, 2028 anatimiza 17. Nafasi tatu. Na aliyezaliwa 2010 au 2012 naye ana tatu vilevile. Witiri na shufwa vimekwisha. Siku nilipoliona tangazo lile nilikaa kwenye dawati la ofisi nikaandika miaka yote upya ubaoni, walimu wenzangu wakadhani naandaa somo.

Kuhusu baba yake. Mwalike uwanjani aone mazoezi, asihubiriwe. Wazazi wengi niliowaona wakibadilika walibadilishwa na kumwona mtoto wao anaheshimiwa na wenzake. Maneno yangu hayakuwahi kumbadilisha hata mmoja. Ukitaka mfano wa kumwambia, Clara Luvanga alikuwa kwenye kizazi hiki cha 2022. Akatoka hapa akaenda Hispania, kisha Al Nassr ya Saudi Arabia. Ni kazi kama kazi nyingine. Na Fountain Gate ya Dodoma 2023 walikwenda Durban wakarudi na ubingwa wa shule za Afrika upande wa wasichana, wote wanafunzi.

Kuhusu mitihani, umegusa donda. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mtihani hapa na Kenya pia. Mashindano yakiwa kila mwaka, kila mwaka kutakuwa na binti wa kidato cha nne anayechagua kati ya Morocco na chumba cha mtihani. Hili mimi linanikosesha usingizi kuliko suala la AFCON. Ninaamini kabisa linaweza kupangwa, walimu wakasafiri na timu na ratiba ya masomo ikawepo kambini, lakini lipangwe mapema kabla ya kufuzu. Kwa binti yako, kidato cha pili akiwa na miaka hiyo, piga hesabu ataingia kidato cha nne mwaka gani na uliweke wazi kwa kocha yeyote atakayemchukua.

Na la mwisho, ambalo watu hulidharau: cheti cha kuzaliwa. Nina binti aliyekosa safari ya mashindano kwa sababu cheti kilikuja na mwaka tofauti na ule wa shule. Kosa la tarakimu moja. Hakuna aliyekubali kumsikiliza. Nenda RITA, wale wanaosajili vizazi, hakikisha jina na tarehe vinafanana na vya shuleni, herufi kwa herufi. Fanya sasa, wakati hakuna anayemhitaji.

#11 KiungoMkabaji

Mwalimu, kila mwaka ni vizuri kwa watoto, nakubali. Ila tukumbuke pia gharama. Kambi kila mwaka, mchujo kila mwaka, tiketi za ndege kila mwaka. Mashirikisho yetu yalikuwa yanahema kwa kila miaka miwili. Nisingependa kuona tunaanza kuacha baadhi ya miaka kwa sababu hela haipo, maana hapo tutakuwa tumezitengeneza 2004 zetu wenyewe kwa mikono yetu. Na tusidanganyane na nafasi 5. Morocco wenyeji hawagombei, kwa hiyo kilichobaki ni nne, na Nigeria wapo. Hao walishika nafasi ya tatu India.

#12 Nyota_ya_Kakamega

Kweli. 2025 Afrika ilipeleka Morocco, Nigeria, Cameroon, Zambia na Ivory Coast. Hakuna hata mmoja wetu wa Afrika Mashariki. Kufika mara moja na kurudi ni vitu viwili tofauti, na hili la kurudi ndilo gumu.

Lakini angalia pia Hispania. 2014 walifungwa fainali na Japani 2-0, na Aitana Bonmatí alikuwa kwenye kikosi kile. 2018 wakachukua, 2022 wakachukua tena, na 2023 wakawa mabingwa wa dunia wa wakubwa, wakiwa na Salma Paralluelo aliyekuwa na wale watoto wa 2018. Hawakufika hapo kwa kukaa pamoja mara moja.

#13 Mtoto_wa_Amaan

Mwalimu, yule kiungo wako yuko wapi sasa?

#14 MwalimuWaJioni

Alimaliza kidato cha nne, akasoma ualimu ngazi ya cheti. Sasa anafundisha shule ya msingi tarafa ya jirani, ana timu ya wasichana ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Mwaka jana alinitumia orodha ya wachezaji wake kumi na wanane kwa simu. Mbele ya kila jina aliandika mwaka wa kuzaliwa, na pembeni mwaka wa mwisho ambao kila mmoja ataruhusiwa kucheza U17. Sikuwahi kumwambia afanye hivyo.

#15 MamaPendo

Mwalimu, ahsante sana. Nimekwenda jana kufuatilia cheti, jina la kati lilikuwa limekosewa herufi moja, wameniambia nirudi na kiapo. Baba yake amesema atakuja kuangalia mara moja tu. Sisi tuko Makambako. Mtoto anavaa kiatu namba 37, nikitafuta madukani naona vya wanaume tu vinaanzia 39. Vinapatikana wapi?

#16 MwalimuWaJioni

Usinunue kwanza, mama. Stoo ya shule kuna jozi mbili za 37, moja bado ina meno mazuri. Mje Jumamosi saa kumi jioni, ajaribu zote mbili. Baba mwambie aje na koti, uwanjani kwetu upepo ni mkali.